Mradi wa kufunga mdomo: shajara ya mwalimu wa tuisheni

Siku ya 1

Haya, naanza kuandika. Mradi wenyewe ukiusikia ni mdogo, nataka kupunguza maneno yangu kwenye kipindi. Basi. Sio noti mpya, sio ubao mpya, ni kunyamaza tu na kuangalia nikinyamaza wanafunzi wangu wanafanya nini.

Kwa atakayesoma bila kunijua, mi ni mwalimu wa tuisheni wa kutwa, yaani hii ndo kazi yangu, hakuna nyingine nimeificha pembeni. Nafundisha hesabu na fizikia, mwanafunzi mmoja mmoja, saa moja moja, wengine nawafuata kwao wengine tunaonana kwa video. Nikiwa shule mi ndo nilikuwa yule wa kuelekeza wenzangu usiku wa kuamkia mtihani, na sio kwamba nilikuwa na akili kuwazidi, hapana, nilikuwa naelewa kwa kuchelewa, kwa hiyo nilikuwa bado nakumbuka pagumu palikuwa wapi. Wale wa kuelewa mara moja ukiwauliza wanakwambia "si unaona tu". Naona nini sasa.

Baadaye nikafundisha darasani miaka sita, darasa limejaa mpaka wengine wamekaa watatu dawati moja, na pale ndo nilipojifunza kuongea. Mbele ya watoto wengi hivyo ukikaa kimya sekunde kumi darasa limeshakuponyoka, kwa hiyo unajaza kila upenyo kwa maneno, unauliza unajibu mwenyewe, unatania, unarudia, mdomo ndo fimbo yako. Nilipoacha nikaingia tuisheni nikaja na mdomo uleule, sema sasa mbele yangu kuna mtu mmoja tu.

Kilichonistua ni wiki iliyopita. Kijana wangu wa Jumatatu nilimweleza milinganyo vizuri, yaani mpaka nikajipenda, anatikisa kichwa, "nimeelewa ticha", nikafuta ubao nikamwachia swali lilelile nimebadilisha namba tu, akalikodolea macho kama ndo analiona leo. Nikajiuliza ile saa nzima nani alikuwa anafanya hesabu? Mi. Mazoezi nimefanya mi, na mi sina mtihani.

Kwa hiyo nitarekodi sauti ya vipindi kwa simu (nimeshaomba ruhusa kwa wazazi na kwa wanafunzi wenyewe, mmoja amekataa na nimemwelewa), usiku nasikiliza na saa mkononi naandika dakika nilizoongea mi na dakika alizoongea yeye, kisha rekodi nafuta. Wanafunzi hapa nitawataja kwa siku zao tu.

Siku ya 4

Nimesikiliza rekodi tatu. Sijawahi kuichoka sauti ya mtu kama nilivyoichoka yangu.

Kipindi cha kwanza dakika 60: mi 43. Cha pili 39. Cha tatu, huyo binti wa Alhamisi ni mkimya, mi 49. Dakika 49! Na zile zilizobaki sio kwamba alikuwa anaongea yeye, ni kalamu inakwaruza karatasi na mbwa wa jirani. Maneno yake mwenyewe ukiyakusanya ni "ndio", "sawa", "eeh", na mara moja "kwani hii imetoka wapi", swali zuri kabisa, afu mi nikalijibu haraka kabla hajamaliza kulisema.

Kitu kingine nimekiona ni jinsi ninavyouliza. Nasema "sasa hapa tunagawa kwa ngapi? Kwa mbili, si ndio?" Hilo sio swali, hiyo ni dua, anaitikia amina tunaendelea.

Siku ya 6

Nilijua sio mi peke yangu mwenye huu ugonjwa. Kuna mtafiti wa Marekani, Mary Budd Rowe, miaka ya sabini alikuwa anasikiliza rekodi za madarasa kama ninavyofanya mi sasa, akakuta walimu wakiuliza swali wanasubiri sekunde moja hivi, wakati mwingine hata haifiki, kisha wanarukia mwingine au wanajibu wenyewe. Wakijilazimisha kusubiri sekunde tatu au zaidi, majibu ya wanafunzi yanarefuka, wanaokaa bila kujibu wanapungua, na watoto waliokuwa wanaonekana wazito wanaanza kusema. Sekunde tatu tu jamani.

Leo nimepima zangu. Kwenye rekodi ya Jumatatu maswali 22 niliyouliza, mengi sikufikisha hata sekunde mbili. Kwa kawaida mi najiona mvumilivu.

Dawa niliyojitungia ni ya kitoto. Nikishauliza naweka kifuniko cha kalamu mdomoni. Mtu ana kitu mdomoni haongei. Binti wa Alhamisi ameniuliza "ticha una njaa?"

Wiki ya 2

Sekunde tatu ukizikaa kweli ni ndefu vibaya. Unasikia saa ya ukutani. Unaanza kuona jasho la mtoto, unajisikia unamtesa, mkono unataka kuchukua kalamu wenyewe. Ila nimegundua ukipita sekunde ya tano au ya sita kuna kitu kinatokea, mwanafunzi anajua hutamwokoa, basi anaanza kuongea na nafsi yake kwa sauti, "ngoja, hii x iko huku… sasa nikiitoa…", na hapo ndo unasikia kichwa chake kinavyotembea. Miaka yote nilikuwa naona karatasi tu. Karatasi inaonyesha alipofika, njia aliyopita huioni.

Mfano wa kijana wa Jumatatu, wa milinganyo. Swali ni 2x + 3 = 11. Jibu lake la mwisho sahihi, x = 4. Lakini kwenye karatasi ameandika mstari mmoja mrefu hivi:

2x = 11 − 3 = 8 = x = 4

Zamani ningeweka vema nikasema "panga vizuri mistari" tukasonga. Safari hii nikauliza tu, hii alama ya sawasawa inakwambia nini? Kimya, kifuniko mdomoni. Akasema "inasema hesabu imeisha, jibu linafuata."

Ohoo.

Nikamwandikia 8 + 4 = ___ + 5, swali la watoto wadogo kabisa, akajaza 12. Kijana wa sekondari, na mwenyewe akacheka baada ya muda manake aliona kuna kitu hakikai, ile + 5 imeachwa inaning'inia. Hili swali ni maarufu kwa watu wa elimu ya hesabu, watoto wengi sana wa shule ya msingi wanajaza 12 au 17, kwa sababu miaka yote wameona alama ile ikiwa mwisho wa swali, kama kitufe cha kikokotoo, ukibonyeza jibu linatoka. Sasa mtu anayeamini hivyo ukimwambia "chochote unachofanya upande huu fanya na upande ule" anakusikiliza kwa heshima tu, kwake hakuna pande mbili. Ndo maana maelezo yangu yote mazuri ya ile Jumatatu yalipita juu ya kichwa.

Nikampa stori ya Robert Recorde, mtu wa Wales, mwaka 1557 ndo kwa mara ya kwanza alichapa ile alama, na sababu aliyotoa ni kwamba alichoka kuandika maneno "ni sawa na" kila mara, akachagua vistari viwili vinavyokwenda sambamba kwa sababu hakuna vitu viwili vilivyo sawa kuliko hivyo. Stori imechukua dakika mbili, nazihesabu kama nilizoongea mi, ila sizijutii. Tumefanya kipindi kizima mizani tu, huku na huku, hata x hatukuigusa. Mi dakika 27.

Wiki ya 3

Mdogo wa Jumatano, huyu ni wa msingi. Mama yake aliniambia "huyu hajui kutoa, anakosea kila mahali". Nikampa maswali kumi na mawili ya kutoa nikakaa kimya. 52 − 37 akaandika 25. 304 − 126 akaandika 222. 81 − 46 akaandika 45. 67 − 23 akapata 44, sahihi.

Angalia vizuri. Hakosei kila mahali. Anafanya kitu kimoja kwa uaminifu mkubwa sana, kila safu anachukua namba kubwa anatoa ndogo, haijalishi ipi iko juu. Saba toa mbili, tano. Tano toa tatu, mbili. 25. Ana kanuni yake na anaifuata kuliko wengine wanavyofuata ya kwao! Mwaka 1978 John Seely Brown na Richard Burton waliandika kuhusu hizi kasoro za kutoa, walitengeneza mpaka programu ya kompyuta ya kuzitambua, na hoja yao ndo hii, makosa mengi ya mtoto sio uzembe, ni utaratibu kamili wenye sehemu moja iliyopinda.

Nikamuuliza kwa nini saba toa mbili. Akasema mwalimu alisema huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo. Sasa mtoto amekosa nini hapo? Ametii. (Na mi nimeshawahi kusema hiyo sentensi darasani, mara nyingi, nakumbuka kabisa.)

Nikamwambia tu, chukua vijiti 52 nipe 37. Alifungua bando la kumi mwenyewe bila kuambiwa. Akakaa, akaangalia 25 yake, akaifuta. Sijui nimesema maneno mangapi kipindi kile lakini ni machache.

Kuanzia leo kila mwanafunzi ana daftari la makosa, na simaanishi orodha ya maswali aliyokosa, hapana, tunaandika wazo lililozaa kosa kwa maneno yake mwenyewe. La Jumatano ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa penseli: "nilikuwa nageuza namba ili iwezekane".

Wiki ya 4

Wiki mbaya. Niiandike tu.

Nilishapanda kichwa. Dakika zangu zinashuka, 27, 24, 21, najiona bingwa, mpaka Alhamisi. Tulikuwa na swali la fizikia, mpira umerushwa juu wima, pale juu kabisa kabla haujaanza kurudi mchapuko wake (yaani mwendo wake unavyobadilika kila sekunde) ni ngapi. Akasema sifuri, jibu ambalo karibu kila mtu analitoa, kwa sababu mpira umesimama. Nikauliza kwa nini. Kimya. Nikasubiri. Kimya. Nikauliza unafikiri nini. Kimya, nikasubiri tena, kifuniko mdomoni kama mjinga, dakika nzima ikapita, kuangalia vizuri machozi yanadondoka kwenye daftari.

Akasema "ticha kama unajua si uniambie."

Alikuwa na haki. Kwake ule ukimya ulikuwa kama mtu anazama majini na mi nimesimama ukingoni nahesabu sekunde. Tulifunga daftari, tukaongea mambo mengine, nikamwomba samahani. Usiku sikusikiliza rekodi, nikaifuta.

Wiki ya 4, Jumapili

Nimekaa nikatafakari na kusoma. Mwaka 1976 David Wood, Jerome Bruner na Gail Ross walimwangalia mwalimu akiwafundisha watoto wa miaka mitatu, minne na mitano, mmoja mmoja, kujenga piramidi ya vipande 21 vya mbao. Hapo ndo walipoleta ule mfano wa jukwaa la mafundi, zile nguzo unazozungushia jengo likiwa bado halijasimama afu unazitoa. Baadaye Wood akaendelea kueleza kanuni ya msaada, nayo ni nyepesi kuisema: mtoto akishindwa, ongeza msaada kidogo, uwe wa wazi zaidi ya ule wa mwanzo, akiweza, rudi nyuma. Kuifanya ndo kazi, kwa sababu sisi huwa tunabaki palepale, mwongeaji anaongea hata mtoto akiweza, na mi nilikuwa nanyamaza hata mtoto akishindwa. Ugonjwa uleule umegeuka upande tu. Nilikuwa nahesabu dakika zangu badala ya kumwangalia mtoto.

Kwa hiyo nimejitengenezea ngazi. Chini kabisa ni kimya. Hakijafaa, naomba asome swali tena kwa sauti, hiyo peke yake inatatua mengi, utashangaa. Bado, aniambie kipi anakijua kati ya vilivyoandikwa, hata kama hakisaidii. Bado, nampa swali dogo lililo ndani ya lile kubwa. Bado, nafanya mi mwenyewe mfano unaofanana, kimyakimya au nikiongea, halafu yeye anafanya la kwake. Sipandi ngazi mbili kwa mkupuo, na nikipanda lazima nishuke. Kabla ya chochote namwambia mwanafunzi wazi: nikinyamaza sikutegi, nakusubiri, na ukitaka msaada sema "panda".

Hilo "panda" ndo nilitakiwa kuanza nalo tangu siku ya kwanza.

Wiki ya 5

Alhamisi amerudi, nilikuwa na wasiwasi hatarudi. Tumerudia mpira. Kimya kidogo, akasema "panda". Nikamuuliza swali dogo: sekunde moja kabla ya kufika juu mpira unakwenda wapi? Juu. Sekunde moja baada? Chini. Sasa katikati kuna kitu kimebadilisha mwendo wake au hakuna? Akatulia. "Kumbe kusimama ni kituo cha kupita tu, mpira haujakaa." Ndio hivyo, mwendo ni sifuri lakini unabadilika bado, na kinachoubadilisha ni uvutano uleule, 9.8 kuelekea chini, wakati wa kupanda, pale juu, na wakati wa kushuka. Hiyo sentensi ya kituo cha kupita sikuwahi kuifikiria miaka yote na nitaiiba.

Wiki ya 6

Mzazi amepiga simu. Baba wa kijana wa Jumamosi, huyu kijana ni mpya ana wiki tatu. Ni mtu mwenye adabu zake, akaanza mbali, "mwalimu habari za kazi, samahani lakini", kisha akafika. Alikuwa amekaa sebuleni anasikiliza, na akaona kijana ndo anaongea muda wote, mwalimu kakaa. Sasa namlipa nani?

Sikukasirika, mi ningekuwa yeye ningeuliza hivyohivyo. Watu wamezoea kupima ualimu kwa jasho la mwalimu. Nikamwambia mzee, naomba Jumamosi ijayo usikae sebuleni, kaa mezani na sisi, na mwisho wa kipindi mwambie kijana akufundishe wewe alichosoma, mi nitatoka nje.

Nilimweleza na utafiti mmoja ambao umenipa nguvu sana, wa Michelene Chi na wenzake, wa 2001. Walichukua walimu wa mmoja mmoja, mada ni mzunguko wa damu mwilini. Wakawaacha kwanza wafundishe wanavyojua, na kama mimi, wakatawala mazungumzo. Kisha wakafanya duru nyingine walimu wakakatazwa kueleza na kukatazwa kusema umepata au umekosa, kilichoruhusiwa ni kumchokonoa mwanafunzi aseme zaidi. Wanafunzi wakajifunza sawa na wale walioelezwa. Mzee akauliza, sawa sio zaidi? Swali zuri. Nikamwambia sawa, sio zaidi. Maana yake yale maelezo tuliyokuwa tunajivunia hayakuwa yanaongeza kile tulichodhani. Akasema "mmh".

Jumamosi alikaa mezani. Kijana akamfundisha baba yake hesabu za sehemu. Kulikuwa na pale alipoandika 1/2 + 1/3 = 2/5, kwenye daftari lake la makosa, akamuuliza baba yake "hili kosa liko wapi?" Mzee akaanza kueleza asili na kiasi, kijana akamkatisha kwa upole, "hapana baba, angalia tu, 2/5 ni ndogo kuliko nusu. Umeanza na nusu ukaongeza ukapata pungufu?" Nilisimama mlangoni nikasikia. Mzee hajapiga simu tena ya namna ile.

Wiki ya 7

Hakuna jipya, nimeugua koo. Mtu anaweza kusema ni mradi umefaulu.

Wiki ya 8

Kuna shimo nimelikuta ambalo kunyamaza hakulizibi. Jumatano, mdogo wa vijiti, nimempa tena 304 − 126 bila kumwandaa, karibu mwezi umepita na wiki mbili katikati tulikuwa kwenye mambo ya eneo. 222. Ileile!

Nilikaa nikaiangalia. Alielewa kabisa siku ile, nina uhakika, alifungua bando mwenyewe. Lakini kuelewa siku moja na kubaki nacho ni vitu viwili, na hili halikuanza jana. Hermann Ebbinghaus, Mjerumani, alijifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana akachapisha matokeo 1885, na akaonyesha kwamba tunasahau haraka sana mwanzoni, kwa kipimo chake baada ya siku moja ilibaki kama theluthi, halafu kasi ya kusahau inapungua. Silabi sio hesabu, kitu chenye maana kinakaa zaidi, najua. Ila njia ya mteremko ni hiyo.

Kinachoshika sio kurudia kusoma. Roediger na Karpicke 2006 waliwapa wanafunzi matini, kundi moja likasoma tena na tena, jingine likasoma kisha likajaribu kukumbuka bila kuangalia. Ukiwapima baada ya dakika tano waliosoma tena wanaongoza, ukiwapima baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka ndo wanaongoza. Hapo pa dakika tano ndo pananitisha mi kama mwalimu wa tuisheni, kwa sababu mwisho wa kipindi ndo dakika tano zangu. Mwanafunzi anafunga daftari amejaa, mzazi anafurahi, mi nafurahi, na wote watatu tumedanganywa kwa pamoja.

Kwa hiyo kila kipindi sasa kinaanza na maswali matatu ya zamani, karatasi tupu, daftari limefungwa: moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja kutoka daftari la makosa. Dakika kumi. Wanachukia. Jumatatu ameyaita "mahakama". Na tena nayachanganya, sitoi matatu ya aina moja, kwa sababu mtihani haumwambii mtu hili ni la milinganyo hili la eneo, lazima alitambue mwenyewe.

Wiki ya 9

Mama mmoja mpya ameniuliza kwenye meseji, nimesikia mtoto akipata mwalimu wake peke yake anawapita 98 kwa 100 ya wenzake, ni kweli?

Najua inakotoka. Benjamin Bloom 1984, aliandika kwamba mwanafunzi wa wastani aliyefundishwa peke yake alifikia kiwango cha juu kuliko asilimia 98 ya waliofundishwa darasani kawaida. Walimu wa tuisheni tunaipenda hiyo namba kama nini, ukiiweka kwenye tangazo umemaliza. Lakini wanafunzi wale hawakupewa mtu wa kukaa naye tu, walikuwa wanapimwa kila mara na kurudishwa kusahihisha mpaka waive ndo wasonge. Na waliokuja nyuma hawakuipata ile namba. VanLehn 2011 alipitia tafiti nyingi akakuta faida ya mwalimu wa mmoja mmoja ipo na ni kubwa, lakini haifiki hata nusu ya aliyosema Bloom. Nimemjibu mama kwamba siwezi kuahidi 98, ninachoahidi ni kwamba baada ya wiki nne nitamwonyesha daftari la makosa la mtoto wake na atajua mtoto anafikiri nini. Hajajibu bado. Labda ameenda kwa mwenye 98.

Ahaa na kingine aliuliza, kama nafundisha kwa mtindo wa mtoto, sijui wa macho, wa masikio, wa mikono. Nilikuwa naamini hiyo miaka mingi, nina hata dodoso lake kwenye kabati. Watafiti wanne wakiongozwa na Pashler waliipitia 2008 wakasema ushahidi wa kutosha wa kuwagawa watoto hivyo haupo. Vijiti vya Jumatano sikuvitoa kwa sababu ni mtoto wa mikono, nilivitoa kwa sababu kutoa 37 kwenye 52 kunaonekana kwenye vijiti.

Wiki ya 11

Nimepima tena, rekodi nne. Mi 22, 18, 31, 19. Ile ya 31 ni ya mwanafunzi anayeanza mada ambayo hajawahi kuiona kabisa, na sioni aibu, mtu hawezi kukumbuka asichowahi kuambiwa, kuna siku lazima ueleze na ueleze vizuri. Mwanzoni ningeitaja kama kushindwa. Sasa nimeacha kuifukuza namba, napima mara moja kwa mwezi inatosha. Ninachosikiliza zaidi kwenye rekodi ni nani amesema "kwa sababu". Ile wiki ya kwanza nilikuwa mi kila mara. Kwenye ya Jumatatu ya juzi yeye kasema kumi na moja, mi nne.

Jumatano, 304 − 126: amepata 178 mara tatu mfululizo katika wiki tatu. Ya nne namwekea mwezi ujao bila kumwambia.

Wiki ya 12

Mama wa kijana wa Jumatatu amepiga. Anashukuru, anasema mwalimu kijana sasa anakaa mwenyewe chumbani na lile daftari anajiuliza anajijibu, amemsikia mpaka anasema "panda" peke yake. Kwa hiyo wameona wapumzike tuisheni kwa sasa.

Nilisema hongereni mama, na nilimaanisha. Halafu nikakata simu nikakaa. Jumatatu saa kumi alikuwa na mimi miaka miwili, na mi sina mshahara wa mwisho wa mwezi, nina vipindi. Yule mwalimu wa dakika 49 angekaa naye mpaka chuo kikuu, hilo nimelijua leo wakati natafuta kifutio nifute jina lake kwenye ratiba ya ukutani.

Nimempigia yule mama wa 98, nimemwambia Jumatatu saa kumi iko wazi kama bado anahitaji. Amesema atamleta mtoto wiki ijayo aone kwanza.